Laki: Namba Iliyovuka Bahari



Katika vikao vya kuandaa maadhimisho haya tulikubaliana mapema juu ya mambo mengi: chakula, maua, usafi wa ua, na nyimbo za jioni. Jambo moja lilituchelewesha. Wazee walipendekeza kwamba katika siku za sherehe jina la Mungu litamkwe mara laki moja, kama ilivyo desturi ya Wahindu panapokuwa na tukio kubwa. Hakuna aliyepinga. Ubishi ulizuka kwenye hesabu. Tunapotamka jina hilo tunatumia mala, yaani tasbihi yenye punje 108. Vijana waligawanya laki kwa 108, wakatangaza kwamba mizunguko 926 ya mala inatosha. Wazee wakasema sivyo: mizunguko ni 1,000, na imekuwa hivyo tangu enzi za babu zao. Tofauti ya mizunguko 74 si ndogo kwa mtu mwenye magoti mabovu.

Kabla kikao hakijafungwa, jirani yetu mmoja ambaye si Mhindu, aliyekuja kutusaidia kupanga maturubai, aliuliza swali lililotunyamazisha sote: “Kwani laki ni neno lenu? Mimi nilidhani ni Kiswahili.”

Maswali hayo mawili, la mizunguko na la neno, ndiyo yaliyozaa makala hii. Tulianza kuyatafutia majibu kila moja kwa njia yake, tukaona mwishoni kwamba yanakutana.

Alama

Neno laki limetokana na neno la Kisanskriti laksha. Maana yake ya asili ni alama, au shabaha ambayo mpiga upinde huilenga. Namba yenyewe ilikuwako kabla ya kuvikwa jina hilo. Katika Yajurveda, mojawapo ya Veda nne, imo orodha ya majina ya namba inayoanzia moja na kupanda kwa kuzidisha kumi kila hatua, hadi ile ambayo leo tungeiandika kwa moja na sifuri kumi na mbili. Katika orodha hiyo 100,000 huitwa niyuta. Jina la laksha lilikuja baadaye, likaenea, na katika Kigujarati, Kikachi na Kihindi likafupika kuwa lakh.

Tangu zamani laki ilikuwa namba ya heshima. Mahabharata, utenzi mkuu wa India, husifiwa kuwa na beti laki moja, na sifa hiyo imechorwa kwenye sahani ya shaba ya karne ya 6. Wataalamu wa mji wa Pune walipolinganisha miswada mingi katika karne ya 20 ili kupata chapa ya uhakiki, beti walizozikubali zilipungua laki. Hatujasikia muumini aliyelalamika kwamba alipunjwa. Aliyesema “laki” alikuwa ameweka alama ya ukubwa, na kila msikilizaji alimwelewa.

Hata hivyo wako walioichukua laki kwa uzito wa kihesabu. Vitabu vya Purana na vya Wajaini husema kwamba Jambudvipa, bara la duara lililo katikati ya ulimwengu, lina kipenyo cha yojana laki moja. Yojana ni kipimo cha kale cha umbali. Wajaini walijiuliza: mzingo wake ni kiasi gani? Walikizidisha kipenyo kwa kipeuo cha pili cha kumi, wakapata yojana 316,227 na sehemu iliyobaki, ambayo waliichambua hadi kwenye upana wa vidole. Anayependa hesabu na akitafute kipeuo cha pili cha laki yenyewe. Atapata 316.227 na kuendelea: tarakimu zilezile, kwa mpangilio uleule. Sababu ni kwamba laki ni 10,000 mara kumi. Kipeuo cha pili cha 10,000 ni 100 kamili, kwa hiyo kinachobaki kuhangaikiwa ni kipeuo cha kumi tu.

Mwaka 499 Aryabhata, akiwa kijana wa miaka 23, alitoa kanuni iliyo bora zaidi. Alisema duara lenye kipenyo cha 20,000 lina mzingo wa 62,832. Tukiipeleka kanuni hiyo kwenye Jambudvipa, kipenyo cha laki kinatoa mzingo wa 314,160. Hesabu ya leo inatoa 314,159 na robo hivi. Wajaini walizidisha kwa yojana zaidi ya elfu mbili. Aryabhata hakukosea hata yojana moja. Pamoja na hayo, alitumia neno la Kisanskriti asanna, lenye maana ya “inayokaribia”. Bwana huyu alikuwa amekaribia kuliko wengi waliomtangulia, na bado aliona vema kuwaambia wanafunzi wake kwamba hajafika.

Umbo la laki

Sasa tuiweke laki mezani tuitazame, kama fundi anavyolitazama gogo kabla ya kulipasua.

Laki ni kumi iliyozidishwa kwa nafsi yake mara tano. Kwa kuwa kumi ni mbili mara tano, laki imejengwa kwa mbili tano na tano tano, wala haina kigawo tasa kingine. Mbili tano zikizidishwa pamoja ni 32. Tano tano ni 3,125. Basi 32 mara 3,125 ni laki kamili, na hiyo ndiyo njia pekee ya kuipata laki kwa kuzidisha namba mbili nzima zisizo na sifuri hata moja. Katika njia nyingine zote, mbili na tano hukutana upande mmoja na kuzaa sifuri.

Laki ina vigawo 36. Kwa hiyo taa laki moja zaweza kupangwa katika mistatili ya aina 18, kuanzia mstari mmoja mrefu hadi safu 250 zenye taa 400 kila moja, ambao ndio mstatili unaoukaribia mraba kuliko mingine. Mraba wenyewe hauwezekani. Taa 316 kwa 316 ni 99,856, zinabaki taa 144. Taa 317 kwa 317 zinapita laki. Lakini tazameni hizo 144 zilizobaki: ni 12 mara 12. Kumbe laki ikishindwa kuwa mraba mmoja hukubali kuwa miraba miwili: mmoja wa 316 na mwingine wa 12. Yaweza pia kuwa mraba wa 300 na wa 100, au mraba wa 260 na wa 180. Njia ni hizo tatu. Ya nne haipo.

Kuna kitu ambacho laki haina kabisa, nacho ni tatu. Jumla ya tarakimu zake ni moja tu, kwa hiyo haigawanyiki kwa tatu wala kwa tisa. Hapo ndipo penye chanzo cha ubishi wetu. Mala yenye punje 108 imejaa tatu: 108 ni mbili mara mbili, mara tatu mara tatu mara tatu. Namba isiyo na tatu haiwezi kugawanyika kikamilifu kwa namba iliyojaa tatu, hata watu wakae kikao usiku kucha.

Wala hatuko peke yetu katika tatizo hilo. Ndugu zetu Waislamu wana tasbihi ya punje 99, na nyingine fupi ya punje 33. Anayetaka kufika laki kwa tasbihi ya 99 atazunguka mara 1,010 na kubakiwa na kumi. Mwenye ile fupi atazunguka mara 3,030 na kubakiwa na kumi vilevile. Ndugu zetu Wakatoliki ndio wenye nafuu: makumi matano ya rozari hufanya Salamu Maria 50, na 50 huingia katika laki mara 2,000 bila baki. Jirani yetu wa maturubai alipoelezwa haya alicheka sana, kwa kuwa yeye ni Mkatoliki.

Kuvuka bahari

Tarakimu na maneno ya hesabu ya India yalisafiri kwa njia zaidi ya moja. Mwaka 628 Brahmagupta aliandika kanuni za kujumlisha, kutoa na kuzidisha kwa sifuri. Katika karne ya 9 al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad, aliandika kitabu juu ya namna ya Wahindi ya kuhesabu. Neno la Kisanskriti shunya, lenye maana ya utupu, lilifasiriwa kwa Kiarabu kuwa sifr, nasi Waswahili tukalipokea kuwa sifuri. Njia hiyo ilipita nchi kavu na vitabuni.

Laki ilikuja kwa njia ya pili, ya majahazi na biashara. Pepo za kaskazi na kusi ziliunganisha bandari za Kutch na Gujarat na bandari za pwani yetu kwa karne nyingi. Katika karne ya 19 nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindu wa jamii ya Wabhatia kutoka Kutch, ilikodi ukusanyaji wa ushuru wa forodha wa Zanzibar kwa miaka mingi. Pamoja na nguo na shanga yalishuka maneno ya dukani na ya benki: pesa kutoka paisa, rupia, hundi, bima. Laki ilikuwa miongoni mwa mizigo hiyo isiyotozwa ushuru.

Morogoro ilikuwa kwenye njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilipita chini ya milima ya Uluguru, penye mji wenye ngome uliojengwa na Kisabengo na kutawaliwa baada yake na binti yake, Simbamwene. Stanley alipita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Mwaka 1907 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro, na maduka yakafuata reli. Wenye maduka Wagujarati waliandika hesabu zao kwa tarakimu za kwao, na kila Diwali vitabu vipya vya hesabu viliwekwa mbele ya miungu na kubarikiwa kabla ya mstari wa kwanza kuandikwa. Katika vitabu vya namna hiyo laki huandikwa 1,00,000, kwa kuwa kituo huwekwa baada ya elfu na kisha baada ya laki. Shuleni tunafundishwa kuandika 100,000. Namba ni ileile. Kituo ndicho kilichohama.

Enzi za pesa ndizo zilizoionyesha laki udhaifu wake. Rupia moja ilikuwa na pesa 64. Sasa, laki ina mbili tano tu ndani yake, wakati 64 inadai mbili sita. Mbili moja inakosekana, kwa hiyo pesa laki moja hazikuweza kuwa rupia kamili: zilikuwa rupia 1,562 na nusu. Zilihitajika laki mbili ndipo zipatikane rupia 3,125 bila baki. Mwaka 1904 utawala wa Wajerumani uliiacha pesa ya 64, ukaigawa rupia katika Heller 100, na tangu hapo laki ya Heller ikawa rupia 1,000 kamili. Waingereza walipoleta shilingi ya senti 100 mwaka 1921, mwendo wa kumi ulikuwa umekwisha kuzoeleka. Sarafu zote mbili za mwanzo zimekufa, lakini majina yao yangali hai midomoni mwetu. Mtu wa Mwembesongo akisema “sina pesa” anazungumza Kihindi cha kale, na akisema “sina hela” anakumbuka Heller ya Wajerumani. Kwa vyovyote mfuko ni mtupu.

Mseto wa majina

Tumjibu sasa jirani yetu. Kiswahili kimejenga majina ya namba kama mji unavyojengwa, kila mgeni akiacha chumba chake. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Zilichukua nafasi ya tandatu, fungate na kenda, ingawa kenda bado husikika na fungate imebaki katika siku saba za maharusi. Ishirini hadi tisini, mia na elfu ni za Kiarabu. Laki ni ya India. Milioni ni ya Ulaya.

Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu wa Mkoa wa Morogoro ikapata 3,197,104. Hebu tuisome namba hiyo kwa sauti: milioni tatu, laki moja, elfu tisini na saba, mia moja na nne. Ulaya, Bantu, India, Bantu, Uarabuni mara tatu, Uarabuni tena, Bantu, Bantu. Hatuwezi kuwahesabu watu wa mkoa wetu bila kuzialika pande zote nne. Na msomaji aliyeitamka namba hiyo hakusita popote kuuliza ni neno lipi mwenyeji na lipi mgeni.

Basi jibu ni hili: laki lilikuwa neno letu, na sasa ni Kiswahili. Halikupoteza la kwanza kwa kupata la pili.

Mwaka ambao laki ilikuwa mpaka

Historia ya laki katika nchi hii haitakuwa kamili tukiuruka mwaka 1971. Tunaiandika sehemu hii bila kinyongo, na tunaomba isomwe hivyo.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilikusudia kukomesha mtindo wa watu wachache kuishi kwa kodi za pango za wengi. Aprili 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majumba. Sheria haikutaja dini wala asili ya mtu. Ilitaja namba: shilingi 100,000. Jengo la kupangisha lenye thamani iliyopita hapo liliweza kutwaliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake zilikuja kuunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Jengo lililokuwa chini ya hapo lilibaki kwa mwenyewe.

Kwa thamani ya wakati ule, shilingi laki moja zilikuwa kama dola 14,000 za Marekani. Leo ni noti kumi za elfu kumi, zinazokaa katika bahasha ya mchango wa harusi. Namba haijabadilika hata kwa moja. Kilichobadilika ni kila kitu kingine.

Kwa kuwa Wahindi ndio waliokuwa wamejenga sehemu kubwa ya nyumba za kupangisha mijini, wao ndio walioguswa zaidi. Familia nyingi ziliondoka katika miaka iliyofuata, zikaenda Uingereza, Kanada na kwingineko. Nyingine zilibaki, zikaendelea kuuza vitambaa, vipuri na unga. Upande wa pili, wako wapangaji waliopumua kwa kuwa na mwenye nyumba mpya ambaye ni umma. Wote hao ni watu wa miji yetu, na kila mmoja ana kumbukumbu yake ya kweli.

Sisi tunaitazama namba. Kwa nini laki? Ukiichunguza, laki haina kitu kinachoitenga nyumba ya kitajiri na ya kawaida. Nyumba ya 95,000 na nyumba ya 105,000 zaweza kuwa katika mtaa mmoja, zimejengwa na fundi mmoja, kwa matofali ya tanuri moja. Kinachoifanya laki ionekane kama ukingo ni zile sifuri tano, na sifuri hizo zipo kwa sababu tuna vidole kumi. Kama tungeumbwa na vidole kumi na viwili, namba yenye kuandikwa kwa moja na sifuri tano ingekuwa ile tunayoiita leo 248,832, na labda sheria ingeweka mpaka hapo. Nyumba nyingi zilizoondoka zingebaki, na familia nyingi zilizoondoka zingekuwa nasi katika picha ya pamoja ya maadhimisho haya.

Hatusemi kwamba serikali haikupaswa kuweka mpaka. Kila sheria inahitaji alama mahali fulani, na laksha, kama tulivyoona, ni alama. Tunachosema ni kwamba alama ni kazi ya mkono wa mtu. Anayeiweka na akumbuke kwamba huku na huku ya mstari wanaishi majirani.

Punje nane

Turudi kwenye mala na mizunguko yake.

Tuliwauliza wazee msingi wa mizunguko 1,000. Walieleza kwamba katika desturi waliyofundishwa mala ya punje 108 huhesabiwa kuwa mia moja tu. Punje nane zinazosalia hutolewa kwa ajili ya makosa: ulimi ulioteleza, akili iliyokwenda sokoni wakati kinywa kinataja jina la Mungu, usingizi uliopita kwa sekunde mbili. Kwa hiyo mala 1,000 ni laki moja, ingawa kwa hesabu ya punje ni 108,000. Zile 8,000 za ziada ni unyenyekevu wa mwenye kuhesabu. Aryabhata angewaelewa wazee hawa bila kufafanuliwa.

Vijana hawakukata tamaa. Walirudia hesabu yao kwa karatasi na kalamu, maana mashine huonyesha nukta na desimali bila kusema baki ni ngapi. Walipata hivi: 108 mara 925 ni 99,900. Inabaki mia moja kamili. Maana yake, anayefuata hesabu ya punje bila huruma atamaliza mala 925, ataingia kwenye mala ya mwisho, atasogeza punje mia moja na kuifikia laki. Na mkononi mwake zitakuwa zimebaki punje nane.

Kikao kilinyamaza kidogo, kisha mzee mmoja akasema, “Mmeziona?”

Hatudai kwamba huo ni muujiza. Ni sifa ya namba mbili: 100,000 ikigawanywa kwa 108 hubakiza 100, na yeyote mwenye kalamu aweza kuhakikisha. Lakini tulikuwa tumebishana kwa majuma mawili kama zile nane ziwekwe au ziondolewe, na kumbe zilikuwa zikitusubiri mwishoni mwa njia zote mbili. Mwenye kuhesabu kwa desturi anazikuta katika kila mzunguko. Mwenye kuhesabu kwa ukali anazikuta katika mzunguko wa mwisho.

Tuliamua kufuata hesabu ya wazee. Watu arobaini wamejitolea, kila mmoja mala 25. Arobaini mara ishirini na tano ni elfu moja. Wenye magoti mabovu watakaa kwenye viti, na hakuna atakayewapunguzia thawabu.

Kuhusu taa, laki moja ni nyingi mno kwa ua wetu na kwa bei ya mafuta. Tutawasha elfu moja, taa ndogo za udongo. Elfu nayo, kama laki, haikubali kuwa mraba mmoja, lakini inakubali kuwa miraba miwili. Yaweza kuwa 30 kwa 30 pamoja na 10 kwa 10. Yaweza pia kuwa 26 kwa 26, ambazo ni taa 676, pamoja na 18 kwa 18, ambazo ni taa 324. Tumechagua ya pili. Mraba mkubwa utakuwa ndani, mbele ya ngazi za hekalu. Mraba mdogo utakuwa nje ya lango, upande wa barabara, na taa zake 324 ni mala tatu kamili za punje 108.

Taa hizo za nje hatutaziwasha sisi. Tunawaomba majirani, wa msikitini, wa kanisani na wa dukani, waje na watoto wao jua likishazama nyuma ya milima, waziwashe kwa mikono yao. Viberiti vitakuwepo, na maji ya kunawa, na chai. Atakayefika akakuta taa zote zimekwisha kuwashwa, aulize kwa mlinzi wa lango. Tumeweka nane za akiba.